Takwimu na Wanaohesabiwa: Fizi, Baraka na Funzo la Bagamoyo

Historia ya takwimu katika Fizi na Baraka haikuanzia darasani. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, karani aliyefika kijijini na daftari alikuja kuwaandika wanaume waliopaswa kulipa kodi. Kuhesabiwa kukawa ni kudaiwa.

Uchunguzi wa sampuli ulioanza nchini mwaka 1955 ulileta mbinu bora zaidi. Hata hivyo, maswali yalitungwa mbali na waliohojiwa. Sensa ya Julai 1984 ndiyo ya mwisho kufanyika. Tangu vita vya 1996, maelfu ya wakazi wa Fizi wamevuka ziwa kwenda Kigoma, ilikofunguliwa kambi ya Nyarugusu. Wengine wamehama na kurudi zaidi ya mara moja. Kwa hiyo idadi yoyote ya wakazi itajwayo leo ni makadirio. Mwanachuo anayeandikiwa tarakimu hizo ubaoni hujifunza kukokotoa wastani, lakini hajifunzi kuuliza zimetoka wapi.

Nchini Tanzania, katika miaka ya 1970, njia nyingine ilijaribiwa. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwashirikisha wanafunzi katika utafiti wa vijijini. Mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa magharibi mwa Bagamoyo kuanzia 1975, uliwafanya wanakijiji kuwa washiriki wa utafiti badala ya kuwa watu wa kuchunguzwa tu. Jipemoyo halikuwa somo la takwimu, lakini kanuni yake inalihusu somo hilo moja kwa moja.

Mfano upo katika mialo ya Baraka. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku, na mbalamwezi inapokuwa kali wengi wao hupumzika. Mwanafunzi atakayepima mavuno kwa juma moja tu atapata wastani wenye kupotosha, hata kama hesabu yake haina kosa. Kanuni ya kitabuni haimwonyi, mvuvi humwonya. Hapo ndipo uteuzi wa sampuli hueleweka.

Ni dhahiri, basi, kwamba kujifunza takwimu pamoja na jamii si pambo la mtaala. Lakini kuna sharti moja: matokeo yarudishwe mwaloni na yajadiliwe na waliotoa habari. Yasiporudishwa, mwanachuo hatatofautiana na yule karani wa kodi, na wenyeji watakuwa na haki ya kumjibu kama walivyomjibu yeye.