Mshipa Usiojifunga



Mtoto tumboni hapumui kwa mapafu. Damu yake hupita njia ya mkato, mshipa mdogo uunganishao ule uendao mapafuni na ule mkuu wa mwili. Akishazaliwa, mshipa huo hujifunga kwa siku chache. Usipojifunga, damu hurudi mapafuni na moyo huelemewa.

Hapa Butimba twamwona mtoto ahema, atoka jasho anyonyapo, hanenepi, twasema kijicho. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika kombe kwa mtoto wa namna hiyo, nisiwaambie wazazi wampandishe kilimani Bugando. Kombe halikumkataza mtu hospitali. Daktari husikia kifuani mvumo usiokatika, kama mashine, kisha hupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Tarehe 26 Agosti 1938, mjini Boston, Marekani, Robert Gross aliufunga kwa uzi mshipa wa binti wa miaka 7, akapona. Mkubwa wake alikuwa safarini! Mwaka 1967, Werner Porstmann wa Berlin akauziba kwa mrija upitao pajani, bila kupasua kifua.

Kwetu, Muhimbili ilianza upasuaji wa moyo mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaja Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini mtoto akicheleweshwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, na hapo kuuziba hakufai tena.