Liyongo si misuli tu

Leo hapa Mwanakwerekwe nimeshinda na Utendi wa Fumo Liyongo, ule alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kwenye notsi zetu shujaa huorodheshewa sifa tu: nguvu, ujasiri, basi. Mimi nasema tabia ya mtu utaijua akiingia ugomvini.

Hebu tazameni. Sultani wa Pate anamtia jela kwa kuuhofia ufalme wake. Liyongo hategemei misuli pekee. Mama yake anamfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa, maana walinzi wakila vizuri na kumwachia makapi. Nje watu wanacheza gungu, kelele tele, yeye ndani anakata minyororo taratiibu. Kuna na pale walipopanga wapande mkoma kwa zamu, ikifika zamu yake wamfume mishale. Yeye akasimama chini, akaangusha makoma kwa upinde wake. Akili hiyo!

Sasa anakuja mwanawe wa kumzaa, kaahidiwa kuozwa binti wa Sultani, anamuuliza, baba, kitu gani kinakuua? Naye anasema: sindano ya shaba, kitovuni. Mtu aliyeutambua mtego wa mkoma ashindwe kuutambua huu? Kwa adui alitumia akili, kwa mwanawe hakutaka kuitumia. Hata alipochomwa alikwenda kupiga goti kisimani na upinde mkononi, akafa vile vile, na mji mzima ukaogopa kuteka maji.

Nyie mnaonaje, alizidiwa ujanja au alikuwa baba kwanza?