Arubaini ya Mzazi: Maneno na Malezi Katika Jangwani na Kariakoo

Katika Kiswahili cha mwambao, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na siku zake za kukaa ndani akitunzwa na wenziwe huitwa arubaini. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ni hesabu tu. Madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, hutaja siku 40 kuwa ni muda wa kawaida wa nifasi, na siku 60 kuwa ndio upeo wake. Lugha imeishika ile ya kawaida, ikaifanya jina la kipindi kizima cha malezi.

Malezi hayo yana msamiati wake. Mkunga humpokea mtoto. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hufungwa mkaja tumboni. Mtoto hubebwa kwa ubeleko. Lakini mkaja na ubeleko ni pia majina ya ada apewazo mama wa bibi arusi wakati wa ndoa, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaziandika maana zote mbili. Basi aoaye humlipa mama kwa nguo aliyojifungia na kwa nguo aliyombebea binti yake. Ndipo ionekanapo ya kuwa malezi ya uzazi yalihesabiwa kuwa ni deni, wala si hisani.

Desturi hii iliingia mjini pamoja na watu. Kariakoo, iliyopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, katika Vita Kuu ya Kwanza, ilijengwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Wapangaji walitoka Uzaramo, Rufiji na bara. Mzazi ambaye mamaye alikuwa mbali aliwategemea wanawake wa ua ule mmoja. Jirani akashika mahali pa ndugu.

Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, karibu na bonde la Jangwani. Kuzaa kukahamia hospitali kidogo kidogo, lakini arubaini ikabaki nyumbani. Na nyumbani nako kumebadilika. Nyumba nyingi za ua zimebomolewa, yakasimama maghorofa ya biashara; na baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, wakaachana na majirani zao.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kifo cha uzazi hata siku ya 42 baada ya mimba kwisha, na mwaka 2013 lilipendekeza mama na mtoto watazamwe katika saa 24 za kwanza, siku ya tatu, juma la pili, na juma la sita. Hesabu hiyo na ile ya wazee zimepitana kwa siku mbili tu.

Hata hivyo, maji ya moto hayazuii damu inayomwagika, wala uji hauondoi homa ya mtoto mchanga. Hayo yataka mganga upesi. Lakini ni nani atakayeiona hatari hiyo usiku, ila yule akaaye karibu na mzazi? Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii. Watu hao wakiingia nyumba za Jangwani, yafaa waingie kwa jina la arubaini, maana mlango huo wajulikana.