Ngolo na Greda

Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya kurasa tatu kuhusu Wamatengo na jinsi wanavyohifadhi udongo. Mwandishi wake alikuwa A. H. Pike. Kurasa tatu si nyingi, lakini kumbuka zama zenyewe. Katika miaka ile ya 1930 mashamba ya Marekani yalikuwa yanapeperuka kuwa vumbi, na serikali za kikoloni Afrika Mashariki zilishikwa na hofu ya mmomonyoko. Katika ripoti zao mkulima Mwafrika ndiye aliyekuwa mharibifu wa ardhi, anayehitaji kufundishwa au kulazimishwa. Na sasa makala inatoka kusema kwamba kusini-magharibi mwa Tanganyika, juu ya Ziwa Nyasa, wapo watu wanaolima milima iliyosimama kama ukuta na udongo wao bado upo.

Kilichowashangaza wageni ni ngolo. Ukitazama mlima wa Umatengo kutoka ng'ambo ya bonde unaona kama sega la nyuki limelazwa juu ya mteremko: mashimo mengi, kila moja na kingo zake nne. Wanaozijua hawahitaji maelezo, ila kwa msomaji ambaye hajafika Mbinga nieleze, maana hoja yangu yote imekaa humo.

Kazi huanza mvua zikiwa bado zinanyesha, karibu na mwezi Machi, katika shamba lililopumzika tangu mahindi yavunwe. Kwa desturi wanaume hufyeka majani na kuyaacha yanyauke. Kisha huyapanga kwa mistari, mingine ikikata mteremko na mingine ikishuka nao, hadi shamba lote liwe miraba, kila mraba ukiwa na upana wa mita moja na nusu hivi. Baada ya hapo wanawake huingia na majembe. Huchimba katikati ya mraba na kuutupa udongo juu ya majani pande zote nne. Katikati panabaki shimo, na pembeni yanabaki matuta yenye majani tumboni. Maharage hupandwa juu ya matuta. Yakishavunwa, mahindi hufuata mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka, na palizi yote hutupwa ndani ya mashimo. Mwaka wa pili ukiisha, ngolo huchimbwa upya, na palipokuwa na tuta huja kuwa shimo.

Mvua ikinyesha, kila shimo hupokea maji yake. Maji hayapati nafasi ya kukimbia, na tone lililoanguka juu ya mlima halikutani na wenzake milioni huko chini. Udongo uliobebwa kidogo hutua ndani ya shimo lilelile, na shimo likijaa humwagikia taratibu kwa jirani. Nguvu ya maji ya kubeba udongo huongezeka haraka sana kadiri kasi yake inavyoongezeka, kwa hiyo anayeyazuia yasianze kukimbia amemaliza sehemu kubwa ya kazi. Anayesubiri hadi yawe mto atahitaji saruji.

Wanahistoria wengi huhusisha ngolo na vita vya karne ya 19. Wangoni walipoingia katika nchi ya Songea na kuanza kushambulia majirani, Wamatengo walijibana milimani. Watu wengi, ardhi kidogo, miteremko mikali: hapo mtu hahami shamba likichoka, kwa sababu hakuna pa kuhamia. Kama ngolo zilibuniwa wakati huo au zilikuwepo na zikashika kasi, kwangu si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba hakuna bwana shamba aliyezileta wala faini iliyozilinda.

Linganisha na Uluguru. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wakate matuta ya ngazi kwenye milima yao. Katika udongo mwembamba wa mlimani, kukata ngazi kulifukia tabaka la juu lenye rutuba na kulileta juu lile la chini lisilo na kitu. Watu walifanya kazi nyingi wakavuna kidogo. Mwaka 1955 hasira ililipuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Nia ilikuwa kuokoa udongo. Lakini aliyeuchora hakuwa ndiye atakayekula mavuno ya ngazi hizo.

Nayakumbuka hayo kila nikiteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Barabara ya lami ya kilomita 66 hivi, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kukamilika mwanzoni mwa miaka hii ya 2020, imebadilisha maisha ya mwambao. Siku za vumbi na matope nazikumbuka vizuri, na simtamanii mtu yeyote azirudie, hasa mama mjamzito aliyetakiwa kufikishwa hospitali. Ila barabara inayotoka kwenye miinuko inayozidi mita 1,000 na kushuka hadi ziwani, kwenye kimo cha chini ya mita 500, haiwezi kupita bila kukata milima. Na mlima ukishakatwa, kwa muda fulani unabaki uchi.

Muda huo ndio hatari. Huko Maryland, Marekani, katika miaka ya 1960 mtafiti M. Gordon Wolman na wenzake walipima tope linalotoka katika maeneo yanayojengwa na kulilinganisha na la mashambani. Tofauti ilikuwa ya mara makumi, mahali pengine mara mamia. Mwaka 1970 jimbo hilo likatunga sheria ya kudhibiti tope la ujenzi. Shamba hupoteza udongo kidogokidogo miaka yote, lakini kiwanja kilichofunguliwa na greda kinaweza kupoteza kwa masika moja kile ambacho shamba lingepoteza kwa kizazi kizima.

Wahandisi wanalijua hili, na zana wanazo: mitaro ya kukinga maji juu ya mkato wa barabara, vizuizi vya mawe ndani ya mitaro, magabioni, nyasi za kushika kingo, mabwawa madogo ya kutuliza tope. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini kwa miradi mikubwa, na inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Barabara kubwa basi angalau ina mtu wa kuulizwa. Lakini mtaro uliosakafiwa kwa mawe na saruji huilinda barabara tu. Maji huyapokea, huyaharakisha, halafu huyakabidhi kwa yeyote aliye chini ya kalavati. Mwenye kahawa pale chini hakuombwa maoni na maji hayo.

Ninachokiogopa zaidi ni kidogo kuliko barabara. Ni viwanja. Lami imepandisha thamani ya kila kipande kilicho kando yake, na bandari mpya inayojengwa Mbamba Bay itaongeza kiu hiyo. Mtu ananunua kiwanja mlimani, anakodi kijiko kwa siku moja, anakata mteremko apate tambarare, anasukuma kifusi ukingoni, kisha fedha inaisha. Msingi unasubiri mwaka, miwili. Mvua haisubiri. Hakuna tathmini kwa nyumba ya vyumba vitatu. Kifusi kile chekundu hushuka kwa jirani wa chini, kikajaza kisima na choo, kisha hufuata kijito hadi ziwani.

Na Ziwa Nyasa si pipa la kutupia. Lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani. Wengi wao huishi kwenye miamba karibu na ufuko, wakila ukungu wa kijani unaoota juu ya mawe panapofika mwanga. Tope likitanda juu ya jiwe, chakula kimefukiwa. Wengine huzaliana kwenye mchanga au hupanda mitoni kutaga, na hao nao tope huwakuta hukohuko.

Je, tuchimbe ngolo kwenye saiti? Hapana, na ni vizuri kulisema wazi, kwa sababu kusifia mila ni rahisi. Shimo lenye maji karibu na msingi ni adui wa nyumba. Shimo juu ya kifusi kisichoshindiliwa hulowesha kifusi kizima na kinaweza kukiporomosha chote kwa usiku mmoja. Ngolo hufanya kazi kwenye udongo ambao haujahamishwa. Tena ngolo zina deni lake: jembe lile zito limekuwa mikononi mwa wanawake kwa zaidi ya karne, na sifa za mfumo mara nyingi huandikwa na watu ambao migongo yao haikuuma.

Kinachohamishika ni mpangilio. Majani kwanza, udongo baadaye. Anayejenga angeweza kufyeka kiwanja na kuyalaza majani kwa mistari inayokata mteremko, chini ya mahali kifusi kitakapoangukia, kabla kijiko hakijafika. Angeweza kuweka kando lile tabaka jeusi la juu na kulirudisha juu ya kingo, nyasi ziote zenyewe. Angeweza kukata Juni, mvua zikiwa zimekwisha, kingo zikashikwa kabla ya Novemba. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji dola. Lakini katika mchanganuo wa gharama kuchimba kuna mstari wake, kwa meta za ujazo. Majani hayana mstari, na fundi hulipwa kwa kilichoandikwa.

Kalenda nazo zimepishana. Mwenye shamba hufunga maji yake Machi, mvua zikiwa bado mlimani. Mwenye kiwanja mara nyingi hupata fedha baada ya kuuza kahawa, akaita kijiko Oktoba, wiki chache kabla ya mvua za kwanza. Kina mama wanapopanda na majembe yao kuanza ngolo za msimu, kifusi cha Oktoba kimekwisha kuoga mvua za miezi minne, na sehemu yake imeshafika ziwani.