Mawe, Udongo na Ramani ya Dar es Salaam

Msomaji akizifungua kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891, au kanda walizotangaza Waingereza mwaka 1924, atakuta zinazungumzia majengo zaidi kuliko watu. Hapa zijengwe nyumba za mtindo wa Ulaya, pale nyumba za biashara na makazi, kule jengo la aina yoyote, hata la miti na udongo. Rangi haikuhitaji kuandikwa, kwani mwenye uwezo wa kujenga kwa mawe alijulikana, na asiye nao pia. Ndivyo zilivyopatikana Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunaufurahia kwa mikutano na sherehe, tukisahau kwamba uliwekwa kuwatenganisha watu.

Baadaye maneno yalibadilika. Maeneo yakaitwa ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa; Oysterbay ikabaki na bustani zake, Magomeni na vyumba vyake vya kupanga. Nakiri kwamba miaka ya 1970 Serikali ilithubutu: badala ya kubomoa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ikapeleka huduma Manzese na kupima viwanja Sinza na Kijitonyama kwa wenye kipato cha chini. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi bora zaidi katika historia ya mipango ya jiji hili. Ila leo ni mchuuzi gani anayemudu kiwanja Sinza?

Mwaka 2002 ukaanza Mradi wa Viwanja 20,000. Vilipimwa vizuri, lakini pembezoni, Kibada, Buyuni na Bunju, na mnunuzi alitakiwa kurejesha gharama. Mama lishe na mchukuzi wa mizigo riziki yao iko Kariakoo. Wengi wa aina yao walinunua kipande kwa mtu, mbele ya mjumbe na mashahidi, wakajenga hata katika bonde la Msimbazi, na kwenye mafaili wakaitwa wavamizi.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowakumba, baadhi walipewa viwanja Mabwepande. Wako waliorudi bondeni, wakaitwa wakaidi. Anayewaita hivyo na apige hesabu ya nauli ya Mabwepande hadi Kariakoo, kwenda na kurudi, kwa siku ishirini na sita za mwezi.