Daktari Aliyegeuza Mashine ya Vumbi

Sisi mafundi wa vifaa vya hospitali humpima daktari kwa mashine aliyotuachia, na wengi hawajatuachia kitu. Colin Sullivan, daktari wa mapafu wa Sydney, Australia, ametuachia mashine ya presha ya hewa kwa watu wanaokatikiwa na pumzi usingizini. Kila ninapoifungua nikakuta ndani mota, feni na sponji, heshima yangu kwake inazidi.

Kabla yake ugonjwa wenyewe ulikuwa kichekesho. Mwaka 1956 Burwell na wenzake wa Boston waliandika habari za mfanyabiashara mnene aliyesinzia popote alipoketi. Kilichomfikisha hospitali ni karata. Alishika ree tatu na wafalme wawili, mkono ambao mcheza poka huuota, akapitiwa na usingizi asiucheze. Burwell akaupa ugonjwa huo jina kutoka riwaya ya Dickens, ambamo yumo kijana mnene aitwaye Joe, mwenye kusinzia saa zote. Jina likapendwa, nalo likawaelekeza watu kwenye kitambi. Koo likasahauliwa mpaka mwaka 1965, watafiti wa Marseille na wa Freiburg walipowapima wagonjwa wakiwa wamelala na kukuta pumzi inakatika, inarudi, inakatika tena, usiku kucha.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa huziba njia kabisa. Kifua kinavuta, hewa haipiti, oksijeni inashuka kwenye damu. Ubongo unamgutusha, anakoroma kwa kishindo, anarudi kulala, na asubuhi hana habari. Mwenye habari ni mkewe.

Tiba ya uhakika ilikuwa kumtoboa shingoni, chini ya mahali panapoziba, na kumwekea mpira wa kupumulia. Ilifaa, hilo halina ubishi. Ila mgonjwa alibaki na tundu la kuangalia kila siku maisha yake yote, na wengi wakiambiwa hivyo waliondoka na kukoroma kwao.

Sullivan alikuwa ametoka Toronto, ambako miaka ya sabini alifanya kazi na Eliot Phillipson kuchunguza upumuaji wa mbwa waliolala. Kazi hiyo ilimfunza namna ya kumfunika mnyama pua bila kumwamsha. Juni 1980, akiwa Sydney, akampata mfanyakazi wa ujenzi aliyeshauriwa kutobolewa koo, akakataa, lakini akawa tayari kujaribiwa kitu kingine. Sullivan akachukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaitumia upande wa kupuliza, akaelekeza hewa puani. Hewa ikalishikilia koo wazi kama upepo unavyoshikilia mpira wa baiskeli. Yule bwana akalala usiku mzima, akaamka mtu mwingine.

Presha yenyewe ni ndogo mno. Katika makala iliyotoka kwenye jarida la Lancet Aprili 1981, yenye wagonjwa watano, ilikuwa kati ya sentimita 4.5 na 10 za maji. Anayefanya kazi wadi za watoto njiti anaijua presha hiyo kwa macho. Pale ncha ya mpira huzamishwa kwenye chupa ya maji: ukiizamisha sentimita sita, mtoto anapata sentimita sita, na mapovu yakikoma unajua hewa inavuja mahali. George Gregory wa San Francisco alikwisha kuonyesha mwaka 1971 kwamba presha ya namna hiyo inaokoa vichanga. Sullivan aliipeleka kwa watu wazima, na kwenye koo badala ya mapafu.

Vifaa vyake vya kwanza vilikuwa adha tupu. Barakoa ya faibaglasi ilifinyangwa kwa pua ya kila mgonjwa na kugandishwa usoni kila usiku kwa silikoni, huku mota ikinguruma chumbani. Mwaka huohuo wa 1981 Shiro Fujita wa Detroit alitangaza upasuaji wa kupunguza nyama za koo, na wapo waliouona kuwa suluhisho safi zaidi, lakini mimi niko upande wa mota. Nyama iliyokatwa hairudi, ila presha ikizidi unaipunguza.

Mwaka 1989 kampuni ikaundwa Sydney kuitengeneza mashine hiyo kwa ajili ya soko. Kelele ikapungua mwaka hadi mwaka, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na sponji ndani ya kasha. Juni 2021 mtengenezaji mmoja mkubwa alilazimika kutangaza kuondoa mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji hiyo ilikuwa ikimeguka, na chembe zake zingeweza kuvutwa na mgonjwa.

Kwa hiyo, ukiletewa mashine ya mtumba kutoka ng'ambo, soma modeli yake na uulize kabla hujaivaa. Nawe unayelala na mkoromaji, usimwambie daktari kwamba anakoroma tu. Chukua saa, hesabu anakaa kimya sekunde ngapi. Wataalamu huanza kuhesabu kwenye sekunde 10. Akizifikisha mara kwa mara, mpeleke akapimwe, hata kama mwenyewe anaapa kwamba amelala vizuri.