Hongo ya Njia: Kutoka Msafara wa Pembe hadi Simu ya Kiganjani

Neno "hongo" leo lina harufu mbaya. Ukilitamka katika ofisi ya umma watu hutazamana, kwa kuwa maana iliyobaki ni moja tu, nayo ni rushwa. Lakini katika karne ya 19 neno hilo lilitamkwa hadharani, bila aibu, katika kila msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Watemi wa Ugogo, nchi kame ambayo msafara haukuweza kuivuka bila kunywa maji ya wenyeji, walidai nguo, shanga na waya kabla ya kuwaruhusu wapagazi kupita. Ninapofundisha historia ya uchumi huanza na neno hili, kwa sababu linaleta swali ambalo wanafunzi wangu hulisahau wanapoisifu teknolojia: njia hii ni ya nani, na anayepita anamlipa nani?

Biashara ya misafara ilisimama juu ya miguu, upepo na imani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32, kwa safari ya miezi. Majahazi yalisubiri kaskazi yaje na kusi yaondoke. Habari haikuweza kuutangulia mwendo wa mtu au wa chombo, hivyo mkopeshaji aliyekuwa Unguja hakuwa na njia ya kujua kama mdaiwa wake yu hai. Hata hivyo alikopesha. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimdhamini Tippu Tip kwa bidhaa za thamani kubwa, akangoja pembe kutoka Manyema. Tusiipake rangi nzuri biashara hiyo: ilichanganyika na utumwa na mabavu, na waliolipa gharama kubwa zaidi majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote. Ninachotaka tukione ni kwamba habari ilipokuwa ya polepole, uhusiano wa kibiashara ulilazimika kuwa uhusiano wa watu wanaojuana.

Mwaka 1879 mambo yalibadilika, na sababu haikutoka kwetu. Januari 22 mwaka huo jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana. Habari hiyo ilifika London Februari 11. Kwa dola iliyotawala bahari, siku 20 za kutojua zilikuwa fedheha. Kabla mwaka haujaisha, waya wa telegrafu ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Durban, kupitia Msumbiji na Unguja, hadi Aden. Kamusi za zamani za Kiswahili huifasiri "simu" kuwa waya na habari ipitayo katika waya; chombo cha kusemea kilirithi jina hilo baadaye. Kuanzia hapo, mwenye kuweza kulipia simu alijua bei ya London au Bombay kabla ya jirani yake mwenye kungoja meli. Ujuzi wa soko, ambao zamani ulikuwa wa yeyote mwenye kusubiri bandarini, ukawa na bei yake.

Waya huo ulibeba pia amri. Agosti 25, 1896, Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki dunia, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza. Mwakilishi wao, Basil Cave, alipeleka simu London kuomba idhini ya kulipiga jumba kwa mizinga iwapo njia za amani zingeshindikana. Idhini ilirudi kwa waya uleule. Asubuhi ya Agosti 27 mizinga ilianza kulia. Saa moja haikutimia, na upande wa Khalid ulikuwa na mamia ya waliokufa na kujeruhiwa. Kizazi kimoja kabla ya hapo ombi kama hilo lingesafiri kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo wazee wangeweza kuketi wakapatana. Kasi ya habari iliondoa nafasi ya shauri.

Kisha ikaja reli, nayo ikapanga upya miji. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuhamisha makao yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, kwa kuwa meli zao zilihitaji kina ambacho pwani ya Bagamoyo haikuwa nacho. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Itazameni ramani: Bagamoyo iliachwa upande mmoja, na Ujiji, soko kuu la ziwa, likaachwa kilomita chache tu kutoka mwisho wa reli. Miji miwili iliyoifungua na kuifunga njia ya kale ilipitwa kwa pamoja. Upande wa Kenya, kambi ya wajenzi wa reli iliyowekwa Nairobi mwaka 1899 iliuchukua ukuu wa utawala kutoka Mombasa, mji wa karne nyingi. Hakuna mkazi wa Bagamoyo, Ujiji wala Mombasa aliyeulizwa maoni yake.

Naiandika historia hii kwa sababu nimeiona ikijirudia ndani ya ukoo wangu. Marehemu mjomba wangu aliuza vitenge Kariakoo. Wateja wake wa mikoani walichukua mali kauli: mzigo leo, fedha utakaporudi, shahidi ni daftari na heshima. Binti yake anaendesha duka lilelile. Mteja wa Sumbawanga anaona picha ya kitenge kwenye simu, analipa kwa simu, na mzigo unapanda basi jioni. Hajapata kuonana naye. Amepata wateja ambao baba yake asingewafikia, na deni lisilolipika halimnyimi usingizi. Lakini siku mteja anapopungukiwa, hakuna daftari la kumsitiri. Imani imehama kutoka kwa mtu kwenda kwa mfumo.

Na mfumo una wenyewe. Julai 2021 serikali ya Tanzania ilianza kutoza miamala ya simu, tozo iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Wananchi walilalamika, na ndani ya miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Durban, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Siku ile binti wa mjomba aliniuliza: "Kaka, bahari ya Afrika Kusini inahusiana nini na duka langu?" Nilimjibu kwamba inahusiana tangu 1879.

Sisemi turudi kwenye miguu na majahazi. Nasema kwamba mtemi wa Ugogo, pamoja na ukali wake, alikuwa anaonekana. Msafara uliketi naye, ukabishana naye siku nzima, na maji yaliyolipiwa yalionekana kisimani. Hongo ya leo hukatwa kimya, ndani ya ujumbe mfupi, na anayekatwa hana mtu wa kubishana naye. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma: tozo inapopendekezwa, ijadiliwe na wanaopita njiani kabla haijawa sheria, na kisima chake kionyeshwe. Mikongo na njia mbadala zipangwe kama tunavyopanga akiba ya chakula. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, mnapoambiwa kwamba teknolojia mpya inakuja kutuunganisha, ipokeeni, kisha ulizeni kama mngekuwa watu wa Bagamoyo mwaka 1891: njia hii ni ya nani, na sisi tumewekwa wapi katika ramani yake?